Namba Ishirini na Tatu

Jumamosi, 7 Juni 2025
Lupaso. Arobaini ya Bibi Ethel imepita salama. Padre kaongea mpaka wali ukapoa. Gideoni, mtoto wa mjomba Alfredi, kateka daftari langu! Kalichomoa mkobani mbele ya watu, kalinyanyua juu — hili halitoki bila jogoo, binamu. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mtani ni mtani, na msibani ndiko kwake. Nikamwambia jogoo atampata, ila asilimwagie mchuzi. Miezi minane ya macho yangu imo mle.

Jumanne, 10 Juni
Nimelipa jogoo, daftari limerudi. Kampokea kwa mikono miwili, msanii yule. Nimelikagua kurasa zote. Safi.
Vishada vya nyota sitini. Vyote kutoka picha za darubini iliyoko huko juu angani, picha za galaksi jirani, Andromeda. Watafiti wanatugawia vipande, sisi wa kujitolea tunatafuta nyota zilizozaliwa pamoja na bado zimekaa pamoja, kama ndugu wasiogawana shamba. Mtandao wa hapa Kitangari unakatika hovyo, kwa hiyo naandika kwanza kwenye karatasi. Naangalia mara tatu. Ndipo nitume.
Orodha ina namba 61, lakini 23 si kishada. Ni mahali peusi, hapana kitu. Nilikuwa nimefika hapo simu ya msiba ilipoingia. Nikaandika vipimo vya mahali pale, pembeni nikaweka E, ya Ethel. Bibi. Nikituma nitairuka.

Jumamosi, 21 Juni
Nimekwenda Newala mjini kwa ajili ya mtandao tu. Nimeingiza vyote sitini. Jibu: vimeshapokelewa tangu tarehe 9. Mtumaji, Gideoni Alfredi, Masasi.
Akaunti ile nilimfungulia mimi. Siku ya Pasaka, tukila mihogo, nikamwonyesha na namna ya kuchora duara kuzunguka kishada.
Orodha yake ina namba 61.
Newala sikulia. Nimelia hapa, dumu la maji mkononi. Mama Shakila, jirani, kaniuliza nani tena amefariki.

Jumapili, 22 Juni
Nimempigia. Kasema si alilichukua hadharani na mimi nikacheka? Kasema jogoo alikomboa daftari, yaliyomo hatukupatana. Kasema mimi ni mzito, orodha inafungwa tarehe 30, angalau jina limebaki kwenye ukoo. Ukoo! Kwenye ripoti ya utafiti wataandikwa waliotuma kwanza. Nimemwambia amenisaliti, kwa neno hilo hilo. Akacheka. Utani huo, binamu.
Bibi alipenda kusema kikulacho ki nguoni mwako. Sikuwahi kuangalia alikuwa akimtazama nani.

Jumatano, 25 Juni
Mjomba Alfredi kapanda kutoka Lupaso. Kaacha kupulizia salfa mikorosho yake katikati, kwa hiyo nilijua jambo ni zito. Shikamoo. Marahaba. Kaketi. Kasema utani haushitakiwi. Kasema shuleni kwa Gideoni wameshamtangaza mstarini, aibu itakuwa ya wote. Hakusema kwamba ada yangu ya chuo aliilipa yeye. Hakuhitaji.
Kumbe watafiti wamemwandikia Gideoni. Namba 23 hawaoni kitu. Aeleze alichokiona kabla ya kesho saa nne, la sivyo wanaifuta orodha yake nzima. Ikifutwa, inabaki yangu.
Ujumbe wake upo kwenye simu: "Binamu, pale 23 uliona nini? Na hiyo E ni ya nini?"
Ni bibi yake pia. Alimbeba mgongoni yeye kuliko sisi wote. Hajui pale 23 amemtuma nani.
Mjomba yuko sebuleni na chai yake. Anauliza kama nimeshamjibu mwenzangu. Nimemwambia naandika.