Damu Yangu kwa Jina la Mama

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana haya sijamwambia mtu.

Nina miaka ishirini na tisa, nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Malindi, naishi Muyeye na mama yangu, sisi wawili tu. Tangu utotoni mimi ni mnene, na unene wenyewe nimeuzoea, ila kuna jambo ambalo sidhani watu wembamba wanalijua, nalo ni kwamba chakula hakininyamazii, nasahihisha mitihani nawaza mahamri yaliyobaki bakulini, naswali nawaza mahamri, rafiki ananililia shida zake nawaza mahamri. Mwaka jana daktari aliniambia kuna sindano ya kujidunga mara moja kwa wiki, inatuliza njaa na kupunguza uzito, nikaiombea bima ya kazini, wakanijibu kwa mistari miwili kwamba hayo ni mambo ya urembo na bima hailipii urembo. Mwalimu mwenzangu, Purity, aliposikia alicheka akasema dawa ya unene ni kufunga mdomo, tena ni ya bure. Nilirudi nyumbani nikalia kama mtoto.

Mama alinisikia. Yeye ana sukari, na kwa kuwa ana sukari, bima ileile, ambayo nilimwandikisha mimi mwenyewe, inamlipia sindano ileile. Alifungua friji akanipa yake.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Mimi nishaolewa, nishazaa, nikikonda watasema nina maradhi. Wewe bado."

Nilichukua, Shangazi. Ni miezi saba sasa. Wiki ya tatu nilikaa barazani nikasoma kitabu mwanzo hadi mwisho, na nilipokifunga ndipo nikagundua sikuwaza kula hata mara moja, kichwani mlikuwa kimya kama nyumba wageni wakishaondoka, nikalia tena, maana sikujua kumbe wenzangu ndivyo wanavyoishi siku zote. Mwili umepungua, ndiyo, na harusini wanawake wananong'ona, mara naumwa, mara nimerogwa, na hayo nayastahimili. Ninachokitamani ni ule ukimya. Nautamani hata sasa ninapokuwa nao, kwa kuogopa utaniacha.

Sasa mama hushona kofia za vito, zile za kutarizi vitobo kwa mkono, ndiyo kazi yake tangu usichana, na tangu Ramadhani iishe kila siku ananiita nimtilie uzi kwenye sindano ya kushonea. Mwezi uliopita mteja wake, Mzee Muhdhar, alirudisha kofia kwa adabu nyingi, akisema labda Bi Sheikha alikuwa na haraka, maana vitobo vimepishana. Daktari wake, asiyejua lolote, aliona sukari haishuki akamwongezea dozi ya sindano, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Bima nao wameandika kwamba hawaendelei kulipa mpaka waone kipimo cha damu kinachoonyesha dawa inamsaidia. Alhamisi ijayo anakuja mtu wa maabara, Ziro, kumtoa mama damu hapa nyumbani. Ziro hajawahi kumwona mama. Jana mama aliniambia, kwa sauti ileile ya kupanga mapishi, "Utavaa ninja yangu ufunike uso, utanyoosha mkono, useme wewe ndiwe Sheikha. Damu yako haina sukari."

Ninaogopa kwamba nitakubali. Nifanye nini?

Raiya, Muyeye (majina yote nimeyabadilisha)

*

Raiya, marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho, mara mbili.

Nianze na lako, kwa sababu naona hakuna aliyewahi kuanza nalo. Njaa unayoieleza si ulafi, na daktari hakukuandikia dawa kwa kukudekeza. Huyo Purity aufunge mdomo wake kwanza. Jibu la mistari miwili nalo linaweza kupingwa: mwombe daktari wako aandike barua kamili, presha, magoti, chochote alichokupima, uipeleke bima kwa jina lako. Wanaweza kukataa tena. Zipo dawa nyingine na njia nyingine, baadhi za polepole, na huenda ukimya ule usirudi wote. Sitakupamba maneno hapo.

Sasa la mama. Mwalimu mzima wa kemia, unaniuliza mimi? Damu yako ikiandikwa jina lake, daktari ataona sukari imetulia, pengine ampunguzie na vidonge anavyomeza, na macho yake yataendelea kufifia, na hakuna atakayejua sababu ila nyinyi wawili. Mama yako alikupa kwa mapenzi, sibishi. Lakini yeye hajui anatoa nini. Wewe unajua, ndiwe unayemtilia uzi.

Basi hiyo sindano ya wiki hii usijidunge. Wala mama asijidunge nayo kabla ya kuonana na daktari, maana dozi imeshapandishwa na yeye mwili wake haujaizoea. Kesho omba ruhusa shuleni, mpeleke, na useme wewe, usimwachie yeye: miezi saba sindano zake nimezitumia mimi. Daktari ataghadhibika, nawe utanyamaza umsikilize. Mwombe macho yaangaliwe mpaka ndani, siku hiyohiyo. Bima wakiuliza, waambie kweli, hata kama watakufutia jina.

Mama atakataa kwenda. Atasema haoni shida yoyote. Mwambie hutaki awe kipofu kwa ajili yako, kisha mletee buibui lake na usimame mlangoni mpaka avae.

Na Alhamisi Ziro akija, mwonyeshe Bi Sheikha ni yupi. Mkono mmoja mama ampe Ziro. Ule mwingine ushike wewe.