Kidole Gumba cha Kushoto

Noonkopir, Kitengela

Kwa mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi niko mzima, sijui wewe na goti lako katika baridi hii ya Ewuaso Kedong. Mwihaki anapokusomea barua hii, mwambie asirukeruke mistari. Huyo dada yangu ana haraka ya kufika mwisho wa kila kitu.

Hamda, mwenye duka ninakojifunza kutengeneza kompyuta, anakusalimia. Jana aliniachia kompyuta nzima niiunganishe umeme peke yangu. Alisema hii ni kazi ya mikono miwili, na nikishindwa atanihamishia kaunta nikauze chaja. Nadhani alikuwa ameshaona ninavyouficha mkono wa kushoto mfukoni mwa sweta.

Ndani ya kompyuta kuna ubao mpana unaobeba kila kitu. Mafundi huuita madabodi, yaani mama wa vyote, nami nikakukumbuka. Nilichomeka waya mnene wa umeme kwa mkono wa kulia, nikaridhika. Hapa dukani aliyeunganisha habonyezi swichi, hubonyezewa na mwenzake. Hamda akasema Bismillahi, akabonyeza. Feni ikazunguka, nikaruka kwa furaha, kumbe kioo kimebaki cheusi tii! Hamda akacheka, akasema nimeshibisha tumbo nikasahau kichwa. Kuna waya mwingine mdogo, wa kupeleka umeme kwenye prosesa, ambayo ndiyo akili yake.

Akazima na kuchomoa umeme. Sasa mahali pa waya huo ni pembeni kabisa, pafinyu, na mkono wa kulia ulihitajika kushikilia ubao usipinde. Ikabidi nitoe wa kushoto. Hamda aliliona kovu la kile kioo cha dirisha kilichonikata.

Nilisukuma kwa kidole gumba nikikitazama tu, kama cha mtu mwingine. Kishikizo cha waya kikajifunga, ta! Hamda akabonyeza tena na kioo kikajaa mwanga. Ajabu ya Mungu, mama! Nyaya zile, na kitu kinaamka! Hamda akashangilia, akaniambia nimeshakuwa fundi. Alidhani ndiyo sababu nilikuwa nalia.

Mama, ile ta sikuisikia kwa masikio pekee. Iligonga ndani ya kidole. Niliogopa kuamini, nikaenda chooni na pini ya sketi yangu. Nikafumba macho, jinsi unavyonifumbisha kila nikija nyumbani, wewe unadunga kidole hicho na kuuliza kama nasikia, mimi najibu bado. Nikajidunga.

Iliuma, mama. Iliuma sana!

Sijamwambia mtu. Nilitaka uwe wa kwanza. Jumapili nakuja, uiweke pini yako karibu. Wasalimie majirani wote, na Mungu akutunzie goti hilo.

Mwihaki, ukifika hapa usimpanguse mama machozi. Mwache kwanza.

Ni mimi binti yako,
Waithera