Makala Nilizobeba

Jumatatu, 2 Juni

Nimesoma makala nne kabla ya chai. Tatu takataka. Ya nne nzuri: majimaji kwenye asali, na kwa nini asali iliyovunwa mapema huchacha. Nimeifupisha kwa Kiswahili. Jina la mwandishi juu, kiungo chini, na mwishoni neno langu moja: "Isomeni." Nimeituma kwenye mtandao wa kikazi. Kisha nimekwenda dukani, Mtendeni, kuosha chupa.

Ndiyo, kuosha chupa. Shahada ya sayansi ya chakula, na kazi yangu kwenye duka la asali la Mzee Rajabu ni kuchuja, kujaza, kubandika lebo. Barua za maombi hazijibiwi. Mhadhiri wetu alisema asiye na jina ajulikane kwa anachosoma. Basi nasoma mbele za watu. Kila asubuhi, mwaka wa pili sasa.

Leo nimefungua ndoo iliyotoka kijijini. Inanuka moshi. Mzee Rajabu kawalaani warina asali: wanachoma nyuki kama wanachoma pori. Nimeinusa tena. Huu si moshi wa mwenge wa kufukuzia nyuki. Ni moshi wa jikoni, wa kuni na maharage. Nikanyamaza. Sijasoma popote mtu aliyesema hivyo.

Alhamisi, 5 Juni

Wameniandikia.

Kampuni inayopeleka asali nje. Wanafungua kituo Tabora na wanatafuta afisa ubora. Wanasema wamekuwa wakifuatilia ninayoyatuma. Mahojiano Ijumaa ya wiki ijayo, kwa video. Nimesoma ujumbe nimesimama, vidole vina asali, simu imenata.

Naitaka kazi hii mpaka naogopa.

Mama kaniambia nisitangaze. Jioni kaenda mazoezi ya kwaya. Amerudi na salamu za pongezi.

Jumamosi, 7 Juni

Makala ya leo ni ya moshi kwenye asali. Mwandishi anailaumu mienge ya warina, kama Mzee Rajabu. Sikubaliani naye. Nimeituma hivyo hivyo. "Isomeni."

Seif katua kwenye maoni chini yake, kama kawaida. Tulisoma darasa moja chuoni, sasa yuko maabara, Dar. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani tangu babu zangu walipokuwa wakitoka huku na mizigo kichwani mpaka pwani, kwao. Kaandika:

"Jamani watani zangu! Babu zake walibeba meno ya tembo yasiyo yao, mjukuu anabeba makala zisizo zake. Na hii kaniibia mimi, muulizeni."

Watu wakacheka. Mtani hanuniwi. Nikamjibu:

"Nimeiba, ndiyo. Hii na zote zilizotangulia. Njoo Tabora unikamate, kama ngoma zenu Wazaramo zitakupa nafasi."

Wakacheka zaidi. Nimemshinda. Lakini lile neno la kubeba limenikaa kichwani siku nzima.

Jumanne, 10 Juni

Seif kapiga simu. "Mpagazi, hujafa tu?"

"Nikifa si utakuja msibani kudai utani wako, ulale kaburini usitoke mpaka ulipwe."

"Nakuja, na safari hii nadai ng'ombe, si kuku."

Nikamwambia habari za mahojiano. Akaacha mzaha papo hapo. Amenihoji muda mrefu, kwa sauti nzito ya mkurugenzi: viwango, vipimo, mabaki ya dawa. Nikikosea ananirudisha mwanzo. Mwisho kasema, "Wewe kazi hii ni yako. Ukinyimwa, mimi nahamia kwenu niwe Mnyamwezi, adhabu mbaya kuliko zote."

Sina rafiki mwingine wa namna hii. Nimwandike hapa kwa sababu sitamwambia.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike haraka nisije nikalia kwanza.

Mama alimwomba seremala wa jirani azime msumeno. Mtaa wetu wote wa Ng'ambo ulikuwa kimya kwa ajili yangu. Blauzi nyeupe. Mtandao haukukatika hata mara moja. Hata mtandao siwezi kuulaumu.

Walikuwa wawili. Mkurugenzi, mwanamke wa nje, Kiingereza kitupu. Na Mtanzania, kijana wa utumishi, tai ya bluu. Maswali ya vipimo niliyajibu yote. Kisha mkurugenzi akasema wanapitia kurasa za kila mwombaji, na za kwangu zimepitishwa kwenye mashine ya kutafsiri. Akanisomea. Mwenzako anadai umemwibia kazi yake. Wewe unakiri. Unakiri zote.

Nikacheka. Kosa la kwanza. Nikasema ni mzaha. Akauliza kwa nini mtu afanye mzaha juu ya wizi hadharani, mahali pa kazi. Nikasema ni desturi, kabila langu na kabila lake. Nikaona uso wake unakunjika. Kwa Kiingereza nilisikika kama mtu anayeeleza ugomvi wa makabila.

Nikamwangalia yule kijana. Mara ya kwanza yaliposomwa maneno ya Seif, bega lake lilitikisika. Alikuwa anajizuia kucheka. Anajua utani. Nani aliyezaliwa nchi hii asiyejua? Nikamwomba, kwa Kiswahili: "Kaka, naomba unisaidie kumwelezea." Akaangalia karatasi zake. Akasema kwa Kiingereza kwamba ingefaa sote tutumie lugha moja.

Kisha mkurugenzi, kwa upole, na upole wake ndio ulioniua: "Basi tuonyeshe kitu ulichoandika wewe mwenyewe."

Sina.

Miaka miwili, kila asubuhi. Sina hata ukurasa.

Msumeno wa jirani umewashwa tena. Nimeushukuru.

Jumamosi, 14 Juni

Jibu limekuja. Mistari mitatu. Wanathamini sana uaminifu.

Seif kapiga kuuliza. Nikamweleza. Akaniomba nimtajie jina la kampuni. Kisha: "Ngoja." Akakata.

Jioni nimeona. Amewaandikia kampuni. Na chini ya makala, mbele ya watu wote: "Naomba radhi kwa Dada Nyamizi. Hajawahi kuniibia kitu chochote. Nilikosea."

Dada Nyamizi. Miaka yote hii hajawahi kuniita jina langu.

Waliocheka wiki iliyopita sasa wanauliza kimetokea nini. Wengine wanasema, kumbe ilikuwa kweli. Kampuni haijamjibu.

Nimemsomea Mama. Akaacha kuchambua mchele. "Mtani haombi radhi," akasema. "Akiomba radhi, amekuwa mtu baki."

Jumanne, 17 Juni

Hasira haina pa kwenda. Seif siwezi kumkasirikia, desturi haitaki, na moyo nao hautaki. Mkurugenzi aliuliza alichopaswa kuuliza. Yule wa tai ya bluu namchukia. Namchukia asubuhi, namchukia nikiosha chupa. Sentensi moja tu ingemtosha. Aliogopa kuonekana mtu wa kwao.

Lakini usiku uliopita nimepitia nilivyotuma, kuanzia cha kwanza. Isomeni. Isomeni. Isomeni. Hata palipokuwa na upuuzi. Hata pale nilipojua kwa pua yangu kwamba mwandishi hajui. Nilitaka watu waamini jina langu, na jina langu halikuwahi kusema kitu.

Mimi na yule wa tai tumesoma shule moja, ya kujua na kunyamaza.

Leo sijatuma chochote. Hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 22 Juni

Baridi, vumbi. Mama yuko kanisani.

Nimeandika. Kurasa mbili, kuhusu moshi. Kwamba jana na juzi nilinusa kila ndoo iliyoingia dukani na kumuuliza kila aliyeileta alikuwa ameiweka wapi. Zilizolala jikoni, karibu na mafiga, kifuniko hakijabana, zinanuka. Zilizolala chumbani hazinuki, ingawa zimerinwa na mtu yule yule, kwa mwenge ule ule. Kwamba makala niliyoituma tarehe saba imekosea, na nilijua nilipoituma. Juu nimeweka jina langu. Chini hakuna kiungo.

Nimeituma. Kimya, mpaka adhuhuri. Za watu wengine hazikuwahi kukaa kimya hivi.

Kisha Seif: "Hongera sana, Dada Nyamizi. Makala nzuri."

Nimeisoma nikaona bora asingeandika. Nikamjibu pale pale, hadharani: "Mzaramo, nani kakufundisha adabu? Mrudishie."

Ameona. Hakujibu. Nimefua, nimeanika, nimechambua maharage.

Saa kumi simu imelia. Si chini ya makala. Seif kaniandikia pembeni, pasipoonekana na mtu mwingine:

"Hii nayo umemwibia nani, mpagazi?"

Nimecheka, peke yangu, jikoni. Kisha nimekaa na simu mkononi. Mtani hutukana mbele za watu. Utani wetu sasa ni wa kunong'ona.

Sijamjibu bado. Nafikiria tusi zuri.