Kifuniko cha Sufuria

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, anayekuandikia akiwa bado na unga kwenye kucha. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kikohozi chako kimeshika adabu. Mama naye ni mzima. Najua umeruka mistari yote kutafuta hapo, kwa hiyo sasa rudi juu usome salamu zangu taratibu.

Tetemeko ulilolisikia redioni lilitupitia sisi hasa. Nilikuwa kazini, mikate ndiyo kwanza imeingia tanurini, mara sakafu ikaanza kucheza. Tulizima gesi, tukajibanza chini ya meza za kukandia, na lilipotulia tukatoka nje wote wazima. Msimamizi alipoanza kutuhesabu, mimi nilikwisha shika njia ya nyumbani, maana Mama alikuwa juu ghorofani.

Unakumbuka ulivyonicheka ulipokuja kututembelea? Ulisema nimelifunga kabati la vyombo ukutani kama mfungwa, na kwamba lile begi la maji, tochi na dawa pale mlangoni linamfanya mgeni ajione anafukuzwa. Kisha ukakunja uso, ukasema Mama hajiwezi tena, afadhali akae kwako. Na zoezi letu la jioni uliliona la kitoto: nagonga kifuniko cha sufuria mfululizo, Mama anaingia chini ya meza, nikigonga mara tatu polepole, anatoka. Lakini kaka, zoezi hilo ni lake, alitufunza sisi tukiwa wadogo, na sheria yake unaijua: asitoke mtu, hata aitwe na nani, mpaka kifuniko kilie.

Nilimkuta mlinzi wa jengo amejishika kichwa. Alinieleza kwamba ngazi imepata ufa na tetemeko jingine laweza kuja wakati wowote. Watu wote wameshuka isipokuwa mama yangu, aliyejichimbia chini ya meza na binti wa jirani. Jirani mwenyewe ni yule fundi cherehani aliyewahi kunishtaki kwa kelele za kifuniko. Alikuwa ameshuka kuanika nguo, akamwacha mtoto anacheza kwetu. Kwake kabati lilianguka juu ya godoro la mtoto. Kwetu lilisimama wima, vikavunjika vikombe tu.

Mlinzi na majirani walikwisha mbembeleza, wakamfokea, wakamvuta. Mama aliwachapa mikono na kuwauliza wana haraka ya kwenda wapi na kifuniko hakijalia. Mtoto kamkumbatia shingoni, katulia tuli. Nikapanda ngazi hivyo hivyo, nikamwita na mimi. Akanijibu kwamba hata mimi sina ruhusa! Sijawahi kuwa na hasira na fahari kwa pamoja namna ile. Nilipekua vigae vya vikombe, nikakipata kifuniko, nikagonga mara tatu. Akatoka na yule mtoto mkononi, akalichukua na begi pale mlangoni bila kukumbushwa. Fundi cherehani alilia mpaka akaishiwa sauti. Siku hizi jioni anakuja na kifuniko chake mwenyewe.

Sasa nikwambie nililokuficha. Tulipofika uwanjani, walikokusanyika watu wa jengo, Mama alinitazama sana, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Haikuwa mara ya kwanza. Ni miezi sasa hanijui, na zile salamu zake kwenye barua zangu nimekuwa nikizitunga mwenyewe, kwa kuogopa utakuja kumchukua. Ukitaka kuja, njoo, tuamue pamoja naye akiwa mbele yetu. Ila usiseme tena kwamba hajiwezi, maana jengo zima lilikuwa linahangaika siku ile na yeye peke yake ndiye aliyejua la kufanya.

Nilimjibu kwamba mimi ni mtoto wa mama mmoja mkali, aliyenifunza kujificha chini ya meza. Alinifuta unga shavuni kwa ncha ya leso, akasema mama huyo kanilea vizuri, na nikifika nyumbani nimsalimie.

Nisalimie sana wifi na watoto. Salamu za Mama safari hii ndizo hizo, na sikuzitunga.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba