Tangawizi ya Kubanika

Jumatatu, 3 Juni 1957
Chai ya alfajiri. Tangawizi nimeibanika kwenye makaa mpaka ganda likaungua, nikaikwangua, nikaitwanga pamoja na iliki. Maji kwanza, majani baadaye, maziwa mwisho. Sukari naitia mwenyewe. Ndivyo alivyonifundisha bibi yangu kule Kisarawe, na Kariakoo nzima sijamwona mwingine anayebanika tangawizi ya chai. Anayebisha na aje.

Mume wangu Shabani kanywa nusu. Kaacha kikombe mkekani, kachukua futikamba yake, kaenda kwenye cherehani yake barazani, Mtaa wa Msimbazi. Miaka yote alikuwa akiomba cha pili. Nimekereka.

Jumanne, 4 Juni
Nusu tena. Nimeimwaga uani mbele ya wapangaji wote. Na waone.

Tangu aoe mke wa pili Buguruni, nguo zake zinafuliwa huko, kofia zake zinashonwa huko. Mimi nimebaki na zamu yangu na kikombe cha asubuhi. Akikiacha hicho naye atafuata nini hapa? Mwenzangu bado mbichi. Mimi mtoto sikujaliwa, na uzuri umeshaniaga.

Alhamisi, 6 Juni
Zamu ya kule, mpaka jioni ya leo. Sina wa kumpikia, nimelala mpaka jua limetoka.

Mama Zena wa chumba cha mbele, huyu anayetembeza vitumbua hadi Buguruni, kanijia na lake. Eti kamwona mke mwenzangu dukani ananunua karafuu. Nyingi. Eti chai ya kule ina karafuu, ndiyo maana mume wangu haimalizi ya kwangu. Nikajidai nachagua mchele. Alasiri nikaenda sokoni mwenyewe. Nimenunua karafuu, na kungumanga juu yake. Mimi nishindwe na mtoto wa juzi?

Ijumaa, 7 Juni
Balaa.

Tangawizi sikuibanika. Nilitia karafuu, nikakwangulia na kungumanga. Nikaonja, nikaona tamu. Shabani kapiga funda moja, kakishusha kikombe.

"Umenitilia nini, Mwanaidi?"

Nikamwambia karafuu. Kasema karafuu anaijua, hiki ni kitu kingine. Nikamletea kungumanga aione kwa macho yake. Hakuishika. Basi nikakinyakua kile kikombe, nikakinywa chote mbele yake mpaka machicha.

"Limbwata halimdhuru aliyelitia," kasema.

Kaondoka bila kofia. Mimi nimtilie mume dawa ya kumpumbaza! Mganga simjui hata mlango wake.

Jumamosi, 8 Juni
Nimerudi kwenye chai yangu ya siku zote. Tangawizi ya kubanika, iliki, basi. Hakuigusa. Kanawa uso, kaenda.

Jumanne, 11 Juni
Zamu yangu ilianza jana. Kaja kwa wakati wake, kalala kaelekea ukutani. Wali wa nazi haukuguswa. Maji kaenda kuyanywa bombani kwa kiganja, eti mtungi wangu nao una dawa. Nimemlilia. Nimemwapia kwa Mungu. Kasema hana ugomvi nami. Afadhali angenitukana.

Bombani wanawake wakiniona wananyamaza. Leo mmoja kanitupia sauti wakati najaza debe: lisemwalo lipo. Mama Zena alikuwepo. Kainamia ndoo yake kama aliyedondosha shanga. Nilitamani kummwagia debe zima. Lakini yeye alisema karafuu tu. Kungumanga niliitafuta mwenyewe.

Jumatano, 12 Juni
Sikuwasha jiko.

Jumamosi, 15 Juni
Jana magharibi kaja na kikapu kutoka Buguruni. Ndani mna themosi mpya, nyekundu, na kikombe chake kimefungwa kwa leso. Hata kikombe!

Asubuhi kajimiminia, kanywa. Kajimiminia cha pili. Chumbani mwangu, juu ya mkeka wangu, mimi nimekaa na jiko lisilo na moto. Niseme nini? Hajaniacha. Zamu yangu anaitimiza kama dini inavyomtaka, nguo ya kuvaa ananiletea. Nikienda kushtaki kwa shehe nitamwambia mume wangu kanikosea nini? Kwamba anakunywa chai?

Jumapili, 16 Juni
Shabani alikwenda uani kuoga, kikapu alichokuja nacho tena jana kakiacha. Nikafungua themosi. Nilitaka niijue hiyo karafuu iliyonimaliza. Nikamimina kidogo kwenye kifuniko, nikanywa.

Hamna karafuu.

Tangawizi na iliki, na ule moshi wa ganda lililoungua. Sukari kwa kadiri ileile. Ni chai yangu. Miaka yote alikuwa akiketi hapo mlangoni akinitazama ninavyobanika, ninavyokwangua, ninavyotwanga, nami nikidhani ananipenda. Labda alinipenda. Kisha kaenda kumfundisha mwenzangu, na mwenzangu kajua. Ndiyo maana vile vikombe vilikuwa vinabaki nusu. Hakuwa na hamu ya chai yangu tena, anaipata na kule. Karafuu sijui yule binti alizinunulia nini. Pengine jino lilikuwa likimuuma.

Nimekipangusa kifuniko, nimekifunga. Aliporudi nikamkabidhi kikapu chake, nikamwambia aende salama. Kaitikia vizuri.

Tangawizi iliyobaki nimempa Mama Zena. Mimi nimekunywa maji.