Sajini Aliyerudisha Bunduki

Mdogo wangu Ilunga,

Tangu tukuzike nimekosa mtu wa kubishana naye. Umeme wa bwawa la Koni unakuja na kukatika unavyotaka. Sisi walimu bado hatulipwi. Mimi bado naandika makaratasi yangu ya kulilaani jeshi na kuyabandika kwenye ukuta wa soko la mtaa wetu wa Kikula, hapa Likasi. Usidhani kifo chako kimenilainisha. Jeshi lile lilitupora, na nitasema hivyo mpaka nifukiwe kando yako.

Lakini wewe, sajini wao, sina pa kukuweka. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mashujaa, na karibu wote nimewakatalia. Wewe nimeshindwa.

Daktari alipokuambia ni kifafa, nilikuja kambini kukutoa. Nilikuwa na hoja, unanijua. Uliniacha nizimalize zote, kisha ukaenda kumrudishia kamanda bunduki yako, ukamwomba akuache ufundishe makuruta. Kesho yake ulisimama mbele yao. Katika mji huu, mtu wa kifafa akianguka hata ndugu zake wanarudi nyuma, wanaogopa povu lake litawaambukiza. Wewe ukasema kwa sauti ya gwaride: "Niko na kifafa. Siku nitaanguka, munilalishe kwa ubavu, mutie kitu laini chini ya kichwa. Mate yangu haiko sumu." Walicheka. Wakakuita sajini wa fimbo, kwa kuwa bunduki huna. Ukawakimbiza uwanjani mpaka kicheko kikaisha.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukuliona, kwa sababu ulikuwa chini.

Siku askari walipotoka kambini kupora mji, wewe ulikimbilia zahanati ya Kikula. Vidonge vyako vilikuwa humo, pamoja na dawa za wagonjwa wa mtaa mzima. Mimi nilikuwa ndani na muuguzi, tukiziba dirisha kwa kabati. Ulisimama mlangoni mikono mitupu. Walikupigia kelele: "Toka pa mulango, wa kifafa! Tutakukanyaga!" Ukawajibu: "Mukanyage, bakubwa. Miye niko kazini."

Halafu ukaanguka, palepale kizingitini.

Niliwaona kwa ufa wa mlango: walirudi nyuma. Watu wenye bunduki, wenye mafriji na magodoro mabegani, hawakuthubutu kuuruka mwili wako. Ningeweza kuandika kwamba woga wa kijinga ndio uliookoa dawa zile, na ingekuwa kweli. Wewe mwenyewe ulinichokoza baadaye: "Yaya, dada mukubwa, weye unapigana na kalamu, miye na mate." Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kilichofuata sikukuambia kamwe. Kila nilipoanza, niliishia kubishana nawe juu ya jeshi.

Ndani ya kundi lile la waporaji walikuwemo wawili uliowafundisha. Mmoja, yule koplo mrefu, alitua godoro aliloiba. Akapiga magoti. Akakulaza kwa ubavu, akalisogeza godoro la wizi chini ya kichwa chako. Povu lilimwagika mkononi mwake. Akalipangusa kwa shati lake mbele ya wote, akaendelea kukushika. Mwenzake akasimama mlangoni, mahali pako, akawageukia wenzake. Wakaondoka.

Ilunga, niliona wezi wakigeuka askari. Sina neno la jambo hilo, mimi ambaye sikosi neno.

Miaka iliyofuata uliendelea kufundisha, bila bunduki, mara nyingi bila chakula. Mpaka vidonge vikakosekana Likasi nzima. Ukaanguka, ukaanguka tena kabla hujaamka, na tena.

Msibani shangazi alikuwa anawaambia watu ni malaria. Mchungaji akataka kuombea nyumba ili pepo litoke. Nilisimama nikasema: kifafa. Nikarudia. Nikauliza nani ana swali, na unajua jinsi ninavyouliza. Kisha koplo mrefu akanyoosha mkono kutoka nyuma kabisa. Hakuwa na swali.

"Miye nilimukamata kichwa," alisema. "Mate yake ilinifika ku mukono. Muniangalie. Niko muzima."

Shangazi akaanza kulia upya, safari hii kwa sauti.

Pumzika, mdogo wangu. Kulisema jeshi sitaacha, usiniombe hilo. Lakini yeyote atakayeanguka mbele ya macho yangu, sokoni au kanisani, nitapiga magoti kwenye vumbi nikishike kichwa chake. Na wanaokimbia nitawaita kwa majina yao, mmoja mmoja, mpaka warudi.

Dada yako mkubwa,
Kabedi