Chapati, Mbwa Ambaye Hakuna Aliyeamini Kuwa Ninaye

Jumapili. Mvua imekatika asubuhi, lakini mawingu bado yamelala juu ya kijiji chetu cha Mitole kama hayana kwao. Na mimi hivyohivyo.

Leo ni siku ya picha.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ndiye Shebby, kijana mtanashati kuliko wote kuanzia Nangurukuru mpaka huku vilimani, niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wananionea wivu. Wale wa siku zote mnanijua. Leo sina nguvu ya kujisifu sana. Nitajisifu kidogo tu.

Nguruwe pori walipoanza kumaliza mahindi yetu, nilimwambia Mama nataka mbwa. Mama ni mjane wa mwalimu wa madrasa, na nyumba yetu haijawahi kufuga mbwa tangu iezekwe. Alichambua mchele mpaka ukaisha, ndipo akasema, "Mbwa wa kulinda shamba dini haimkatai. Ila akae hukohuko shamba. Uani kwangu asikanyage, na wewe ukitoka kwake unawe."

Nikaenda mjini Masoko. Kuna vijana pale wanajitolea kuokota mbwa wa mitaani. Wanawatibu, wanawachanja, halafu wanawatafutia watu wa kuwachukua. Ofisi hawana. Wana ua wa nyuma wa nesi mstaafu na sufuria za uji wa dagaa. Anayewaongoza ni Dada Rehema, fundi cherehani, mwenye jicho la kumpima mtu bila futi. Alinibana kwa maswali kuliko mtihani ulionishinda. Utamfunga kamba kutwa nzima? Utampiga? Akiumwa utampigia nani simu?

"Dada, nitamlea kama mtoto wa rais," nikamwambia.

"Wa rais sitaki. Mlee kama mbwa. Na kila Jumapili unitumie picha yake."

Wenzake walikuwa wananong'ona kwamba mtu wa vilimani hapewi mbwa, huko hawatunzwi. Nikatoa kifua mbele. Nikasema wapo wa hivyo, lakini mimi ni Shebby.

Nilitaka dume lenye kichwa kama ndoo. Nikapewa jike jembamba, sikio moja limekatika, linaogopa hata ufagio. Walimwokota Nangurukuru nyuma ya banda la kupika chapati, jina likawa hilohilo, Chapati. Jamani! Mwanaume mzima nisimame shambani niite Chapati? Njiani nikambadilisha jina nikamwita Komando. Akakataa. Nikiita Komando anageuka nyuma kumtafuta huyo Komando ni nani. Ikawa naita Komando kwa sauti nzito, halafu Chapati kwa kunong'ona, ndiyo anakuja.

Kijijini nikatangaza kuwa nimeleta mbwa wa Kijerumani, urefu wa ndama, akibweka kuku wanaacha kutaga. Wakacheka. Nikawaambia njooni shambani mshuhudie. Hakuna aliyekuja, na kusema kweli nilishukuru, maana wangemwona.

Tulilala naye kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia mazao. Nguruwe walipokuja mara ya kwanza alijibana mgongoni kwangu anatetemeka, na mimi, msiniseme, nilikuwa natetemeka pia. Lakini siku zilivyokwenda kitu kikamwingia. Akaanza kushuka mwenyewe. Akaanza kubweka, sauti kubwa kuliko mwili wake, na wale nguruwe wakakimbia. Mahindi yetu yakasimama.

Jumapili iliyopita nilimpiga picha mbele ya mahindi hayo. Nikamwandikia Dada Rehema, "Kamanda na jeshi lake." Akajibu, "Kamanda anataka maji. Bakuli naliona limekauka."

Sikujiuliza wale nguruwe wanakimbilia wapi.

Walihamia kwa majirani. Kwa nguvu mpya. Shamba moja upande wa bondeni halikubaki hata bua la kuhesabu. Wenye mashamba yaliyoliwa wakakubaliana kuweka mihogo yenye sumu mipakani. Huku kwetu jambo hilo lina utaratibu wake. Kwanza balozi wa nyumba kumi anapita kwenye nyumba zenye mbwa, nyingi zikiwa za wawindaji Wakatoliki wa kule juu, anawaambia wafunge mbwa wao mpaka mihogo iondolewe. Balozi wetu, Mzee Mkumba, alipita zote.

Kwetu hakupita.

Ijumaa asubuhi nilishuka kwenye dungu nikamkuta Chapati amelala kwenye mstari wa mwisho wa mahindi, miguu inachezacheza kama anayekimbia ndotoni. Povu mdomoni. Kipande cha muhogo pembeni.

Nilipiga kelele ambazo Shebby hapigi. Mama alikuwa anapalilia upande wa pili. Akaja mbio, akatazama, akakimbilia mafiga ya chini ya dungu, akasaga mkaa kwenye maji, dawa ya sumu.

"Mshike kichwa," akaniambia.

Nikarudi nyuma. Basi Mama, ambaye kivuli cha mbwa kikigusa mkeka wake anauanika, akapiga magoti kwenye tope. Akasema bismillahi, akampanua mdomo kwa vidole vyake, akamnywesha. Povu likamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Hakutoa mkono.

Simu nilikuwa nayo mfukoni. Akiumwa utampigia nani? Jibu nilikuwa nalijua. Sikupiga. Niliogopa aniambie wenzake walisema kweli.

Nikaita Komando. Halafu nikaita Chapati, kwa sauti yangu yote, asikie anayetaka kusikia. Mkia ukagonga tope mara moja.

Basi.

Mama alikwenda kwenye ndoo kunawa kama inavyotakiwa, mara saba, moja kwa udongo. Nilimsikia anahesabu polepole. Katikati akapotea, akaanza upya.

Mchana nikamfuata Mzee Mkumba. Nilikuwa nimeshiba hasira. Nikasahau hata shikamoo. Nikamuuliza kwa nini nyumba zote apite, kwetu aruke.

Hakunikaripia. Akaacha kushona mkeka wake, akanitazama. "Mjukuu wangu, mwaka jana si ulisema unashushiwa pikipiki? Ukasema timu ya Dar imekuita. Sasa na huyo mbwa mkubwa kama ndama, katika nyumba ya marehemu mwalimu, ningeaminije kuwa yupo?"

Nikaokota ukindu miguuni pake, nikamrudishia.

"Alikuwepo kweli?" akauliza.

"Alikuwepo. Mdogo tu. Hakuwa Mjerumani."

Akasema inna lillahi, kwa mbwa, na macho akayashusha chini. Jioni akaja mwenyewe na jembe, tukamzika mpakani. Ukiacha mimi na Mama, yeye ndiye wa kwanza hapa Mitole kumwona Chapati, na alimwona hivyo.

Sasa ni Jumapili na simu iko mkononi. Picha za zamani ninazo. Ipo moja amelala kivulini ambayo sijawahi kuituma. Ningeituma hiyo, na ya wiki ijayo ningeitafuta. Ningekuwa na mbwa mpaka mavuno. Najijua, ningeweza. Mama kaniona nazitazama.

"Mwambie mwenyewe," akasema. "Na usiongeze neno."

Nimepanda kichuguu, maana huku mtandao unashika hapo tu. Nimepiga picha ya kaburi, na ya mkanda mwekundu wa shingoni waliomvalisha kule Masoko. Nimeandika, "Dada, Chapati amekufa. Kala sumu ya nguruwe. Nilijivuna mno, kijijini hakuna aliyeamini kuwa ninaye. Sikukupigia kwa sababu ya woga."

Nimeisoma. Hakuna hata mahali nilipojisifu. Nimetuma.

Tiki moja ya kijivu. Nimekaa hapa juu mpaka manyunyu yameanza tena, bado ni ileile moja. Je, akiwajia tena mtu wa vilimani, watampa mbwa?

Nashuka, jua linazama na nguruwe hawana matanga. Leo itabidi nibweke mwenyewe.